Kujiliza si kulia sana

Wengi hulichukulia neno "kujiliza" kama njia nyingine ya kusema mtu amelia mno. Sivyo. Tazama umbo lake: lia, liza, jiliza. Kuliza ni kumfanya mtu alie. Kujiliza ni kujifanya mwenyewe ulie, yaani kilio kimetafutwa. Ndivyo ilivyo pia kwa cheka, chekesha, jichekesha: anayejichekesha hajafurahishwa na kitu, anatafuta kupendwa. Kwa hiyo ukiandika "mjane alijiliza makaburini" ukidhani unamhurumia, umemwita mnafiki. Andika "aliangua kilio" au "alilia kwa kwikwi". Kilio hicho kinaweza kuwa kikubwa kupita kiasi na bado kikawa cha kweli.

Si kila "ji-" inaleta uigizaji, lakini. Kujikata au kujipenda hakuna unafiki wowote. Maana hiyo hujitokeza pale kitendo kinapopaswa kuja chenyewe, kama kulia na kucheka.

Kosa la pili ni "kutia chumvi". Chumvi hutiwa kwenye maneno: habari, sifa, masimulizi. "Alilia huku akitia chumvi" inamfanya msomaji ajiulize alikuwa anasimulia nini. Kama machozi ni ya uongo, sema "machozi ya mamba".

Kudeka nako kusichanganywe na haya. Mtoto anayedeka huenda ameumia kweli; anachozidisha ni kutaka abembelezwe. Na "mbwembwe" ni za madoido, hata pasipo hisia yoyote.