Kwa nini mwamba wa pweza ukifunguliwa mzani huletwa pwani?

Kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza, wavuvi wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba ili pweza wapate kukua, wakisaidiwa na Mwambao, mtandao usio wa kiserikali wa jamii za pwani. Kwa kawaida kufunga kwenyewe ni kwa miezi mitatu hivi. Siku ya kufungua, pweza hupimwa na uzito ukaandikwa. Kwa nini wasiuzwe tu, watu wakaenda zao?

Tuanze na pweza mwenyewe. Huyu wa miambani kwetu umri wake ni mfupi, kiasi cha mwaka mmoja au mwaka na nusu, lakini hukua mbio mno. Mdogo uliyemwacha leo, baada ya miezi mitatu humtambui. Jike hutaga msimu mmoja tu maishani: hujifungia pangoni akalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo anayemchokoa pweza mdogo amepoteza uzito, na kizazi pia.

Haya mtaalamu anaweza kuyaeleza kikaoni kutwa nzima. Mama aliyezoea kushuka mwambani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, na chuma chake cha kuchokolea, akarudi na kitoweo na pesa za madaftari ya watoto, atamsikiliza kwa adabu, huku moyoni ana lake: miezi mitatu hiyo nile nini? Ni swali la haki kabisa, na hotuba hailijibu. Mzani ndio unaolijibu. Akiona minyiri inaning'inia nje ya beseni, na mshale umepita pale alipozoea kuuona ukisimama, habari hiyo ataifikisha mwenyewe jikoni, harusini na kwa dada yake wa shehia ya pili.

Tena wapo wasiofika kikaoni kabisa. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi ugenini kufuata samaki, hutoka mbali, na boya la mpaka wa mwamba uliofungwa, wasipoambiwa maana yake, kwao ni boya tu. Hapo sheha, msikiti na redio ya jamii, kama ile ya Micheweni, hufanya kazi ya ulinzi sawasawa na mashua ya doria.

Kufunga miamba ya pweza kwa namna hii kulipata sifa kutokana na jaribio la kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, lililoanza mwaka 2004. Kumeenea Bahari ya Hindi kwa kuwa matokeo yalipimwa, kisha yakasimuliwa.

Ndiyo maana huniuma kuona jumuiya zetu nyingi zinaandika ripoti nzuri kwa Kiingereza, zikapelekwa kwa mfadhili, na aliyekaa miezi mitatu bila kuvua hapati hata ukurasa mmoja. Kilo zilizotoka, bei ya siku ile na fedha zilizoingia kamati ya wavuvi viandikwe kwa Kiswahili, vibandikwe pwani na viwekwe mtandaoni, walioko Unguja na Maskati nao wasome. Pweza wakitoka wachache, hilo pia liandikwe, pamoja na sababu kama inajulikana. Waliokuwepo wanajua ukweli, na ukiwaficha mara moja hawataamini hata takwimu nzuri za mwakani. Picha ya mtu iombwe ruhusa kwanza. Na tarehe ya kufunga tena itajwe mapema pamoja na bamvua yake, ili mwenye safari ya dago aipange akijua.