Muhuri wa ROAR hautoshi: kuikagua mota ya 17.5 baada ya mbio

Kwenye daraja la stoku la mbio za magari ya rimoti, yaani daraja ambalo mota hubanwa na kanuni ili zilingane, ugomvi mwingi huanza na kauli moja: "Lakini mota yangu imo kwenye orodha." Sawa, imo. Orodha ya mashirika yanayosimamia mbio hizi, iwe ya ROAR ya Marekani, ya BRCA ya Uingereza au ya EFRA ya Ulaya, inathibitisha tu kwamba sampuli aliyoipeleka mtengenezaji ilipimwa ikakutwa iko ndani ya kanuni. Kuhusu mota iliyofungwa kwenye gari lililoshinda Jumapili hii, orodha haina la kusema. Hiyo ni kazi ya meza ya ukaguzi, na klabu nyingi huifanya kwa macho tu.

Kwanza, ni nini hasa kinachoidhinishwa? Mota ya stoku ni brashilesi (isiyo na brashi) ya saizi ya 540: ina sensa, stata (sehemu isiyozunguka) ya meno matatu, na rota (sehemu inayozunguka) yenye sumaku ya ncha mbili kwenye shafti ya mm 3.17. Koili husukwa kwa waya wa shaba wa mviringo na kuungwa kwa mtindo wa nyota. Kanuni hutaja idadi ya raundi, idadi ya nyuzi na unene wa juu wa waya. (17.5 ni raundi 17 na nusu; nusu hiyo inatokana na waya kuingilia upande mmoja wa stata na kutokea upande wa pili.) Raundi zikipungua, mwendo unapanda: 13.5 ni kali kuliko 17.5, wakati 21.5 na 25.5 ni za madaraja ya taratibu kama VTA (Vintage Trans-Am, la magari yenye maumbo ya zamani), inayotumia 25.5.

Watengenezaji wawili wanaweza kutii kila mstari wa kanuni hizo na bado wakatoa mota zisizolingana. Anayevuta waya ukalala vizuri na kuubana kwenye kona za stata anatumia waya mfupi kwa raundi zilezile. Waya mfupi una ukinzani mdogo, na ukinzani mdogo unamaanisha gari linachomoka kwenye kona kwa nguvu zaidi. Fundi yeyote anayesuka mota za pampu anajua hili bila kusoma kanuni. Hata ndani ya katoni moja mota hutofautiana, ndiyo maana kuna wauzaji wanaozipima moja moja, wanachambua zilizo bora na kuziuza kwa bei ya juu. Hapo hakuna aliyevunja kanuni, ila mfuko umeanza kushindana badala ya dereva. Ndiyo sababu naona kikomo cha chini cha ukinzani, kilichoandikwa kwa namba, kina maana kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya waya.

Namba hiyo haipimwi kwa maltimita ya kawaida. Maltimita nyingi huishia omu 0.1, na waya zake zenyewe hula zaidi ya hapo, ilhali ukinzani kati ya fezi (koili) mbili za 17.5 ni kama miliomu 20 tu, na miliomu ni sehemu ya elfu ya omu. Mita maalumu za miliomu zipo, lakini klabu isiyo nayo inaweza kutumia pawasaplai yenye kikomo cha ampea. Chomoa mota kutoka kwenye spidi kontrola (kifaa kinachoilisha mota umeme na kudhibiti mwendo), weka kikomo cha ampea 5, kisha bana klipu za umeme kwenye vituo A na B, viwili kati ya vituo vitatu vya kuungia waya kwenye mota. Sasa gusisha ncha za voltimita kwenye vituo vyenyewe vya mota, si kwenye klipu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukigusa klipu unapima klipu, na mota halali inaonekana ina ukinzani mkubwa kuliko ilivyo. Ukisoma milivolti 100, gawa kwa 5, unapata miliomu 20. Umeme unaopotea kwenye koili ni nusu wati tu, kwa hiyo mota haipati joto la kuvuruga kipimo.

Rudia kwa B na C, kisha C na A. Namba tatu zikaribiane sana. Jozi mbili zikiwa juu na moja iko sawa, kuna fezi yenye lehemu mbovu au uzi uliokatika. Huo ni ubovu, si udanganyifu. Zote tatu zikiwa karibu theluthi moja ya kawaida, mtu ameunga koili kwa mtindo wa pembetatu, na mota hiyo itazunguka mara 1.73 ya mwenzake kwa volti zilezile. Huyo hahitaji mjadala.

Joto ndilo linalowaponyesha wajanja. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii. Mota yenye miliomu 20 ikiwa na nyuzi joto 25 itasoma takriban 23 ikiwa na 65. Kwa hiyo mota iliyo chini ya kikomo, ikipimwa mara tu baada ya fainali, inapita. Kipima joto cha miale hakisaidii sana, maana kinasoma ganda na koili ndani ni za moto zaidi. Mota ikae mezani, mbele ya feni, mpaka ilingane na joto la chumba, na mwenyewe asiiguse. Nusu saa si nyingi.

Rota ni rahisi zaidi. Kipenyo cha sumaku kipimwe kwa kalipa ya plastiki, au pete ya shaba nyeupe iliyochongwa kwa saizi ya juu inayoruhusiwa. Kalipa ya chuma inavutwa na sumaku, mkono unayumba, na unaweza kuichubua. Rota iwe ile iliyoidhinishwa pamoja na mota hiyo. Na usidanganywe na mtu anayejisifu kwamba mota yake "imefunguka" baada ya kuungua. Sumaku iliyochemka hupoteza nguvu, na mota yenye sumaku dhaifu huzunguka haraka zaidi ikiwa haina mzigo. Mezani inapendeza. Barabarani inakula ampea nyingi kwa msukumo uleule, inachemka zaidi, na mwisho wa dakika tano imechoka.

Taimingi (kuwahisha umeme kwenye koili) ya kifuniko cha nyuma hugeuzwa na kila mtu na kwa kawaida si kosa. Kosa liko kwenye spidi kontrola. Stoku nyingi hudai hali ya blinki, yaani taa inapepesa gari likiwa limesimama kuonyesha kwamba programu haiongezi taimingi yoyote. Mkaguzi ajue kila modeli inapepesaje, kwa sababu hazifanani. Kwa mwenye shaka, inua matairi juu, bonyeza mpaka mwisho na usikilize: mwendo ukipanda, ukatulia, kisha ukaruka tena ghafla, taimingi ya programu inafanya kazi. Betri ya LiPo ya seli mbili ipimwe kabla ya kuingia uwanjani, isizidi volti 8.40.

Ziko klabu zinazokwepa haya yote kwa kugawa mota kwa kura na kuweka kikomo cha uwiano wa gia. Gia kubwa ya meno 96, ndogo ya 48, na uwiano wa ndani wa 1.9 vinatoa 3.8, kikomo cha chini kikiwa 4.0, gari hilo limekosea na unaliona bila kufungua kitu. Mimi naupenda mfumo huu kwa klabu ndogo, ingawa wauza mota hawaupendi. Tatizo lake ni muhuri. Paka tone la rangi linaloziba kichwa cha skrubu ya kifuniko na ukingo wa ganda kwa pamoja, kwenye skrubu mbili. Usitegemee stika: mota ikifika nyuzi 70 gundi inalegea, na stika inabanduliwa nzima na kurudishwa ilipokuwa.