Matairi ya baridi Ulaya: dhana potofu na ukweli wake

Msimu wa baridi ukikaribia, Waswahili wanaoishi Ulaya huanza kuulizana: ni lazima kubadilisha matairi, au gereji zinatafuta hela tu? Majibu huja mengi na hayapatani. Anayeishi Uholanzi atakwambia usijisumbue. Wa Ujerumani atasema badilisha Oktoba. Wa Ufaransa atasema nunua minyororo ya theluji uiweke kwenye buti, basi. Kila mmoja anasema kweli kwa barabara za kwake, na hapo ndipo penye hatari, maana safari za huku huvuka mipaka mitatu kwa siku moja. Wengi wetu tulijifunza udereva Dar, Nairobi, Goma au Kampala, na tulipobadilisha leseni hakuna aliyetukalisha chini akatueleza habari za barafu. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na kila moja na ukweli wake.

"Ulaya ni moja, sheria ni moja"

Si kweli. Umoja wa Ulaya una kanuni za jinsi tairi linavyotengenezwa na kupimwa. Ni lini ulifunge, kila nchi imejiamulia yenyewe.

Kuna nchi zinazofuata kalenda. Lithuania inadai matairi ya baridi kuanzia 10 Novemba hadi 31 Machi. Estonia na Latvia ni kuanzia 1 Desemba hadi 1 Machi. Huko hata jua liwake na lami iwe kavu, sheria ni ileile. Kuna zinazotazama hali ya barabara bila kujali tarehe, na Ujerumani ndiyo mfano mkubwa. Na kuna zinazochanganya yote mawili: Austria, kwa gari dogo, inasema kati ya 1 Novemba na 15 Aprili, lakini pale tu barabara inapokuwa na theluji, tope la theluji au barafu. Uholanzi, Poland na Uingereza hazilazimishi kabisa.

Chukua mtu anayetoka Rotterdam kwenda Milan kuwasalimia jamaa. Uholanzi hadaiwi chochote. Akiingia Ujerumani, theluji ikianguka njiani, matairi ya kiangazi yanakuwa kosa papo hapo. Uswisi hakuna sheria ya jumla ya matairi ya baridi, ila kuna jambo nitakaloeleza chini. Akipita handaki la Gotthard, lenye karibu kilomita 17, anaweza kuingia Göschenen, mdomo wa kaskazini, theluji inamwagika na kutokea Airolo, mdomo wa kusini, jua linawaka, asijue kama hatari imekwisha au ndiyo kwanza. Italia nayo, kati ya 15 Novemba na 15 Aprili, barabara nyingi za kaskazini zina vibao vinavyodai uwe na matairi ya baridi au umebeba minyororo. Huyo ni mtu mmoja, na gari moja.

"Namba za gari langu ni za nchi isiyolazimisha"

Namba hazikulindi. Sheria ya tairi ni ya barabara unayoikanyaga. Gari la Uholanzi kwenye theluji ya Bavaria linahukumiwa kwa sheria ya Ujerumani, na faini inatolewa hapohapo.

"Ujerumani ni lazima kuanzia Oktoba hadi Pasaka"

Hii imeenea sana kwa sababu Wajerumani wenyewe wanaisema: kutoka O hadi O, yaani Oktoba hadi Pasaka, ambayo kwa lugha yao pia huanza na O. Ni ushauri mzuri wa kukumbusha watu, lakini si sheria. Sheria, iliyowekwa wazi mwaka 2010, inataja hali zenyewe: barafu, theluji iliyoganda, tope la theluji, umande ulioganda barabarani. Gari lenye matairi ya kiangazi likiegeshwa nje ya nyumba Januari halina kosa. Ukiliwasha ukalitoa kwenye barabara yenye barafu, una kosa, hata iwe ni Mei.

Faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi ya makosa ya madereva inayotunzwa Flensburg. Ukikwama ukazuia wengine ni euro 80. Na mwenye gari aliyeruhusu litoke hivyo anatozwa euro 75, jambo ambalo wanaoazimana magari wanapaswa kulijua. Ukimpa shemeji funguo asubuhi ya theluji, nawe umo.

"Tairi lina M+S, basi ni la baridi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wazuri wanapoangukia.

M+S maana yake ni matope na theluji. Herufi hizo umeziona tangu nyumbani: matairi mengi ya Land Cruiser na Prado yanayokanyaga vumbi la Dodoma na Turkana yameandikwa hivyo. Ni alama ambayo mtengenezaji anaiweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno ya tairi. Hakuna jaribio lolote la theluji analotakiwa kufaulu ili aiweke.

Alama inayotokana na jaribio ni nyingine: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Ili kuipata, tairi hupimwa juu ya theluji iliyoshindiliwa, likilinganishwa na tairi la kipimo chini ya kanuni namba 117 ya Umoja wa Mataifa, na ni lazima lilishinde kwa kiwango kilichowekwa. Tofauti ya alama hizi mbili ni tofauti ya kujisifu na kufanya mtihani.

Ujerumani iliamua kwamba tairi lililotengenezwa kuanzia Januari 2018 lazima liwe na mlima na chembe ya theluji. Yale ya zamani yenye M+S peke yake yaliachiwa hadi 30 Septemba 2024. Muda huo umeisha. Ufaransa nayo, kuanzia 1 Novemba 2024, haiihesabu M+S peke yake katika maeneo ya milimani. Austria na Italia bado zinaikubali. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa halali Verona na Innsbruck, kisha akawa na kosa akishafika Munich, kwa matairi yaleyale.

Umri wa tairi unasomeka ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Anayenunua matairi ya mtumba asitoe hela kabla ya kuzisoma.

Kwa bahati njema, hili pia linajibu wanaodai kwamba matairi ya misimu yote hayaruhusiwi. Yenye mlima na chembe ya theluji yanahesabika kama ya baridi. Kwa anayeishi tambarare na kwenda mlimani mara chache, yanatosha kisheria. Anayeishi milimani, ningemwambia asibane matumizi hapo.

"Minyororo kwenye buti inatosha"

Inategemea uko wapi. Ufaransa, sheria ya milimani inayotumika kati ya 1 Novemba na 31 Machi inakupa hiari: matairi ya baridi magurudumu yote manne, au minyororo ya angalau magurudumu mawili yanayovuta, au soksi za kitambaa zinazovikwa tairi. Haihusu Ufaransa yote. Ni maeneo yaliyotajwa ya Alps, Pyrenees, Massif Central, Jura, Vosges na Corsica, na vibao huonyesha unapoingia na unapotoka. Slovenia na Italia nazo zinakubali minyororo iliyobebwa.

Ujerumani haikubali. Huko minyororo haishiki nafasi ya matairi ya baridi, hata ukiwa umeifunga. Austria inaikubali juu ya matairi ya kiangazi pale tu barabara ilipofunikwa na theluji yote au karibu yote. Penye vipande vipande vya theluji na lami katikati, huwezi kujitetea nayo.

Upande wa pili wa kosa hili ni wa wale wanaosema: nina matairi mazuri ya baridi, minyororo ya nini? Kuna kibao cha duara, rangi ya buluu, chenye picha ya gurudumu lililofungwa mnyororo. Ukikikuta, minyororo inatakiwa iwe imefungwa tayari, na Ujerumani hata gari linalovuta magurudumu yote manne halisamehewi. Uswisi huliruhusu gari la namna hiyo pale tu kibao cha chini kinaposema hivyo. Ukifunga, mwisho wa spidi Ujerumani ni kilomita 50 kwa saa.

"Gari langu linavuta magurudumu manne, sina wasiwasi"

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoishikilia ni madereva wazoefu waliopita kwenye tope zito nyumbani na kweli hawakukwama. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka na kupanda mlima. Kwenye kusimama hakukusaidii hata kidogo, kwani kila gari, hata dogo kabisa, lina breki magurudumu yote manne. Kinachosimamisha gari ni tairi na barabara. Gari kubwa lina uzito zaidi wa kuzuia, na kwa sababu lilipanda bila taabu, dereva hagundui jinsi njia inavyoteleza mpaka anapokanyaga breki kwenye kona ya mteremko. Kama ni lazima uchague, heri gari dogo lenye matairi ya baridi kuliko gari kubwa lenye ya kiangazi.

"Ni ya theluji tu, na hapa kwetu haianguki"

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka, na nyuzi 7 ndicho kipimo cha makadirio kinachotumiwa na wengi. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini, na meno yake yana mikato myembamba inayouma barabara na kushika theluji ndani yake. Theluji hushikana na theluji, ndiyo maana ile iliyojaa kwenye mikato hutakiwi kuisafisha.

Kwa upande mwingine, ulaini huohuo ni hasara kwenye joto. Magari ya mtumba kutoka Japan wakati mwingine hushuka bandarini Mombasa au Dar yakiwa na matairi yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo ni ya baridi. Kwenye lami ya moto huisha haraka na gari huchelewa kusimama, hata yakiwa yanaonekana mapya.

"Mawili yanatosha"

Hapana. Mbele kukishika na nyuma kukateleza, gari linageuka. Funga manne.

"Milimita 1.6 za kina cha meno ni halali kila mahali"

Ujerumani bado ndiyo kiwango cha sheria, ingawa mafundi wengi hushauri 4. Austria, tairi la kawaida la baridi lililo chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa la baridi, na Jamhuri ya Czech pia inadai 4. Sweden, Norway na Finland zinadai 3. Vilevile usivuke na matairi yenye misumari bila kuuliza: ya kawaida kabisa Sweden na Finland, marufuku Ujerumani, Poland na Uholanzi. Hata ndani ya Stockholm kuna mtaa, Hornsgatan, ambao umeyapiga marufuku tangu 2010 kwa sababu ya vumbi linalochimbwa na misumari.

"Uswisi hawana sheria, kwa hiyo hakuna shida"

Hili ndilo nililoahidi kulieleza. Sheria ya Uswisi inataka gari liwe katika hali salama na dereva alimudu. Ukigonga mtu kwenye theluji ukiwa na matairi ya kiangazi, jambo la kwanza litakalotazamwa ni matairi, na bima inaweza kukudai sehemu ya ilicholipa.

"Gari la kukodi, hilo ni juu ya kampuni"

Anayesimamishwa na polisi ni wewe uliyeshika usukani. Unapokodi, taja nchi zote utakazopita na uandikiwe kwenye mkataba kwamba unapewa matairi ya baridi. Mara nyingi ni malipo ya ziada. Kabla ya kutoka, zunguka gari, inama kila gurudumu, utafute ule mlima wenye chembe ya theluji. Minyororo nayo uiombe siku hiyohiyo, na uulize kama gari lenyewe linairuhusu, maana baadhi ya magari hayana nafasi ya kutosha kati ya tairi na bodi.

"Minyororo nitajifunza kuifunga nikifika"

Utakuwa umepiga magoti ukingoni mwa barabara, gizani, vidole vimekufa ganzi, na magari yanapita karibu na mgongo wako. Jifunze nyumbani, mchana, pakavu. Hakikisha kwanza ukubwa ulioandikwa kwenye boksi unalingana na wa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 205/55 R16. Mnyororo wa aina ya kawaida una waya wa duara unaopitishwa nyuma ya gurudumu na kuunganishwa juu. Kisha unavuta pande zote mbele, unapachika kulabu, unakaza ule mnyororo wa kukazia, ambao huwa na rangi yake. Hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, ambayo kwa magari madogo mengi ni ya mbele. Endesha mita chache, simama, ukaze tena, kwani raundi ya kwanza daima huacha ulegevu. Beba glovu, taa ya kufunga kichwani na kipande cha nailoni cha kupigia magoti. Ukifika penye lami tupu, tafuta sehemu salama uifungue mara moja, la sivyo itaharibu barabara na kukatika ikakupigia bodi. Jioni ioshe kwa maji ya kawaida kutoa chumvi ya barabarani, na iache ikauke kabla ya kuirudisha kwenye mfuko wake.