Kiti mwendo magofuni: dhana potofu zinazoumiza watu

"Tutatafuta vijana wanne, wamwinue na kiti chake." Hili huletwa na karibu kila familia yenye mtumiaji wa kiti mwendo inayopanga kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, nami nimechoka kulisikia. Mtu wa kilo 70 kwenye kiti cha kilo 18 ni kilo 88 zinazoyumba. Vijana nao hukamata kilicho karibu: vya kuegemezea mikono na vikanyagio. Kwenye viti vingi hivyo vimeundwa vichomoke, na huchomoka kiti kikiwa hewani. Shikeni fremu yenyewe. Kwenye ngazi, kiti kipandishwe kinyumenyume: magurudumu makubwa yagusane na kidato, mwenye nguvu zaidi avute mishikio ya nyuma, wa pili abaki chini ameshika fremu ya mbele. Kidato kimoja kimoja, kwa kuhesabu. Mpira wa mshikio ukiwa umelegea, msijaribu kabisa.

Boti ya kutoka Kilwa Masoko ina balaa lake. Kiti hukunjwa na kupakiwa, mto wa kukalia ukabaki nacho, mwenyewe akakalishwa juu ya ubao mtupu. Asiye na hisia kiunoni hatasikia kitu, na kidonda cha mgandamizo, yaani cha ngozi iliyokaliwa muda mrefu, chaweza kuchukua miezi kupona. Mto umfuate mtu! Jioni kagueni makalio, na kwenye ngozi nyeusi msingoje wekundu. Papaseni kama pana joto au pamekuwa pagumu.

"Basi tuchukue kiti cha umeme." Vingi vinazidi kilo 50 kabla mtu hajakaa. Mchangani huzama, botini haviinuliki.

"Magofu yote ni ngazi tupu." Magofu ya Gedi, Kenya, kwa sehemu kubwa ni tambarare. Shida yake ni mizizi na vizingiti: gurudumu dogo la mbele hukwama ghafla, mtu akarushwa. Msukumaji akanyage chuma kinachotokeza nyuma, chini ya kiti, anyanyue mbele, aende kwa magurudumu makubwa. Kwenye mchanga mwingi avute kinyumenyume. Milango ni myembamba, kwa hiyo pimeni upana wa kiti pamoja na pete za kusukumia.

"UNESCO haikubali magofu yaguswe." Akropoli ya Athens, magofu ya kale ya Ugiriki, imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1987, na lifti mpya ya watu wenye ulemavu ilizinduliwa huko Desemba 2020. Hapa kwetu hatuombi hata lifti. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao imara wa sentimita 180, unaowekwa na kuondolewa bila kupigilia msumari ukutani.