Wabunge wa 2010 hawakukaa bungeni kinyume cha sheria

Ule ujumbe unazunguka tena kwenye magrupu ya Nairobi: eti katiba mpya ilipozinduliwa pale Uhuru Park Agosti 27, 2010, Bunge lilivunjika, na wabunge waliobaki hadi 2013, sasa wastaafu, walikula mshahara wasiostahili. Si kweli. Fungua katiba yenyewe, shuka mpaka Jedwali la Sita, lenye masharti ya mpito (ya kuhama kutoka katiba ya zamani kwenda mpya), kifungu cha 10: Bunge lililokuwepo liliruhusiwa kumaliza muhula wake. Lilianza Januari 2008, likamaliza Januari 2013. Wengi huchanganywa na Ibara ya 101, inayoweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, wakahesabu kwamba uchaguzi ulipaswa kuwa Agosti 2012. Kosa hilo naelewa linavyotokea. Masharti hayo ya mpito yako mwisho kabisa, na wachache hufika huko. Wazee hawa wana wajukuu wanaosoma tuhuma hizo. Ukiupokea, tafadhali usiusambaze.