Uwakilishi katika muvi na katuni za mashujaa: maana yake na jinsi ya kuupima

Watu wakizungumzia uwakilishi katika filamu na vitabu vya katuni, wanauliza mambo matatu kwa pamoja: nani anaonekana, anapewa kazi gani ndani ya hadithi, na nani anaisimulia. Swali la kwanza ndilo linalopigiwa kelele zaidi kwa sababu ni jepesi. Unatazama bango, unahesabu wanawake wangapi, weusi wangapi, umemaliza. Mimi naona uzito uko kwenye swali la pili, na sisi wa Mwanza tuna sababu zetu za kulishikilia.

Anayekaa kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea muvi, kiwe cha Mabatini au cha Igoma, analijua swali hilo hata kama hajawahi kulitamka. Stelingi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Nyumba itaungua, gari litapinduka, yeye atatoka akijikung'uta vumbi. Na kibanda kizima kinajua vilevile nani hatafika mwisho: rafiki yake stelingi, yule mcheshi, aliyekwisha kutuonyesha picha ya mtoto wake. Kwenye muvi za Kimarekani rafiki huyo amekuwa mtu mweusi mara nyingi mno, hadi watazamaji wanamuaga kabla hajapigwa risasi. Ukihesabu sura, yumo. Ukiuliza kazi yake, ni kufa ili mwenzake apate hasira ya kumaliza muvi.

Kwa wanawake jambo hilo lilipata jina lake rasmi mwaka 1999. Gail Simone, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa katuni, aliorodhesha wanawake wa kwenye katuni waliouawa, kubakwa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao. Orodha ilichukua jina kutoka toleo moja la Green Lantern la mwaka 1994, ambamo shujaa wake, kijana Kyle Rayner, anarudi nyumbani na kumkuta mpenzi wake, Alexandra DeWitt, ameuawa na kusokomezwa ndani ya friji. Tangu hapo wafuatiliaji wa katuni husema fulani "amewekwa kwenye friji", na wanaelewana. Maana yake si kwamba mwanamke haruhusiwi kufa katika hadithi. Maana yake ni kwamba kifo chake hakimhusu yeye. Hatujui alitaka nini, alikuwa njiani kwenda wapi, nani mwingine atamlilia. Mwenye msiba ni stelingi peke yake.

Hali hiyo ina mizizi mirefu. Superman alitoka mwaka 1938 katika Action Comics, akibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Wao wenyewe hawakuwa watu wa tabaka la juu Marekani, lakini shujaa wao alikuwa mwanamume mweupe, na waliomfuata wengi walikuwa hivyohivyo. Wonder Woman aliingia mwaka 1941. Mwaka uliofuata akakaribishwa kwenye chama cha mashujaa, na nafasi aliyopewa ni ya katibu. Mwanamke mwenye nguvu za kusimamisha vifaru aliachwa ofisini kuandika kumbukumbu za vikao wakati wanaume wakienda vitani.

Weusi wa Marekani hawakukaa kimya. Mwaka 1947 mwandishi wa habari wa Philadelphia, Orrin C. Evans, alichapisha All-Negro Comics, kitabu cha katuni kilichoandikwa na kuchorwa na watu weusi watupu. Ndani yake alikuwemo Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyetumwa kulinda madini huko Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Toleo la pili halikutoka kamwe. Evans alikosa wa kumuuzia karatasi za kuchapia.

Kisa kinachonikaa zaidi kichwani ni cha "Judgment Day", hadithi fupi ya mwaka 1953 kutoka kampuni ya EC. Mwanaanga anatua kwenye sayari ya maroboti kuona kama wako tayari kuungana na sayari nyingine. Anakuta maroboti ya rangi ya chungwa na ya bluu, yametengenezwa kwa vyuma vilevile, ila ya bluu yanabaguliwa: mtaa wao mbali, kazi zao duni, kwenye basi viti vya nyuma. Anawaambia bado hawajawa tayari, anaondoka. Kwenye kichumba cha mwisho cha katuni anavua kofia ya chuma, na tunaona ni mtu mweusi, jasho linang'aa usoni mwake. Basi. Hakuna maelezo ya ziada.

Mwaka 1956 EC walitaka kuirudia. Wakati huo kulikuwa na chombo cha ukaguzi wa katuni, kilichoundwa mwaka 1954, na bila muhuri wake wauzaji wengi hawakupokea kitabu. Mkaguzi mkuu akataka mwanaanga asiwe mweusi. Wenye hadithi wakashangaa, maana ukimbadilisha rangi hadithi yote imekufa. Wakabishana hadi mkaguzi akashuka: basi angalau ondoeni lile jasho. William Gaines, mwenye kampuni, alikataa na kuichapisha ilivyo. Kisha akaachana na biashara ya vitabu vya katuni. Ukitaka kuelewa uwakilishi kwa mfano mmoja, chukua huu. Mwanaanga yule yuko peke yake, kwa hesabu ni mtu mmoja tu, lakini ndiye anayehukumu. Hakuna aliyemwokoa, wala hakufa kwa ajili ya mtu.

Baada yake milango ilifunguka taratibu: Black Panther mwaka 1966, Falcon 1969, Luke Cage 1972, Storm 1975. Na kila mlango ulikuwa na kizingiti. Huyu Storm anatuhusu, kwa sababu mama yake katika hadithi ni Mkenya, na tunapokutana naye mara ya kwanza ni Kenya. Wanakijiji wasio na majina wanamwomba mvua kama mungu wao. Kisha anakuja profesa kutoka Marekani kumweleza kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na kipaji tofauti, na anahitajika kwingine. Storm mwenyewe ni mhusika mzuri, ana heshima na uongozi, baadaye anaongoza kundi zima la X-Men. Lakini tazama waliobaki kijijini. Huku Usukumani mvua ilikuwa na wataalamu wake, na ilipochelewa mtemi ndiye aliyebanwa aeleze. Watu wenye utaratibu wa namna hiyo hawakuingia kwenye katuni; waliingia watu wa kupiga magoti. Na waliombuni Storm, Len Wein na Dave Cockrum, walikuwa wanaume weupe. Wanawake weusi walikuja kupewa kalamu na Marvel, kampuni yenye Storm, mwaka 2016, Roxane Gay na Yona Harvey, kwa hadithi za Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther.

Kuna mtego mwingine, wa hesabu za pesa. Muvi ya Catwoman ya mwaka 2004 ilidorora, Elektra ya mwaka 2005 nayo ikadorora. Barua pepe ya mwaka 2014 ya bosi wa Marvel wakati huo, Ike Perlmutter, iliyovuja baada ya Sony kudukuliwa, ilizitaja hizo pamoja na Supergirl kama mifano ya muvi za wanawake zilizoharibika. Batman & Robin ya mwaka 1997 nayo ilichekwa dunia nzima, na hakuna aliyesema wanaume weupe hawauzi; miaka minane baadaye Batman alirudi sokoni kama kawaida. Mtu wa kundi lililozoeleka akishindwa, ameshindwa yeye. Wa kundi geni akishindwa, wameshindwa wote. Wonder Woman ya Patty Jenkins ilipovuka dola milioni 800 mwaka 2017, mjadala huo ulitulia, ingawa sidhani kama umekufa.

Sasa Wakanda. Ramani za nchi hiyo ya kubuni zimekuwa zikihama. Kuna zinazoiweka karibu na Ziwa Turkana, na Ta-Nehisi Coates, aliyeanza kumwandikia Black Panther mwaka 2016, aliisogeza hadi Ziwa Victoria. Kwa ramani hiyo sisi ni majirani. Muvi ya Black Panther ya mwaka 2018 ina damu ya ziwa hili kweli: Lupita Nyong'o ni wa ukoo wa Kijaluo wa upande wa Kisumu, Daniel Kaluuya alizaliwa London kwa wazazi Waganda, Florence Kasumba alizaliwa Kampala. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na Ruth E. Carter na Hannah Beachler wakapata Oscar za mavazi na za usanifu wa mandhari, weusi wa kwanza katika tuzo hizo mbili.

Na wanawake wake wana kazi. Okoye anaongoza jeshi na anabishana na mumewe kuhusu nchi, si kuhusu ndoa. Shuri anatengeneza mitambo. Ukimtoa mmoja wao, hadithi inakwama.

Ila ukiitazama ukiwa ukingoni mwa ziwa lenyewe, unaona pia kilichokosekana. Wakanda inazungumza Kixhosa, lugha ya John Kani, Mwafrika Kusini aliyemcheza mfalme T'Chaka. Blanketi ni za Wasotho, urembo umetoka kwa Wamasai, Wahimba, Wazulu. Afrika imekusanywa kwenye kapu moja. Sioni ubaya mkubwa hapo, kwa sababu muvi ile inaanzia Oakland, California, na swali lake ni la Oakland: mtoto mweusi wa Marekani anaidai nini Afrika iliyomwacha? Ni swali halali, nalo limewakilishwa vizuri. Letu ni jingine. Mvulana wa Igoma hakosi kuona watu weusi, wamejaa stendi. Anachokikosa ni kuona mahali pake pakiwa na uzito katika hadithi, pasiwe tu pa kutoka ili kwenda kuwa mtu.

Upo pia uwakilishi ambao huku si mjadala wa starehe. Black Lightning alipotoka mwaka 1977, shujaa wa kwanza mweusi kuwa na kitabu chake katika kampuni ya DC, adui yake mkuu alikuwa Tobias Whale, mtu mweusi mwenye ualbino. Mwaka 1988 Spider-Man naye akapata adui wa aina hiyo, Tombstone. Huyo yumo hata kwenye Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, muvi iliyosifiwa, na kwa haki, kwa kumpa ustelingi Miles Morales, kijana mweusi mwenye mama wa Puerto Rico. Sauti ya Tombstone ni ya Krondon, mwanamuziki mwenye ualbino, na ndiye aliyemcheza Tobias Whale kwenye tamthilia ya Black Lightning. Msanii mmoja, majambazi wawili. Hapa Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Chanzo ni ushirikina na pesa, si katuni za New York, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini mtoto mwenye ualbino wa Ukerewe akiangalia muvi hiyo, amepewa nani wa kuwa?

Tusidhani pia kwamba kasoro hizi zinaagizwa kwa meli. Nenda Bujora, kule Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma, uulize habari za Masala Kulangwa. Jitu Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akazaa mtoto, akamlea peke yake, mtoto akakua, akalitafuta jitu akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai. Stelingi kamili, mkongwe kuliko Superman. Sasa mpime mama yake. Bila yeye hakuna kizazi wala hadithi, lakini mtoto akishashika silaha, mama kazi yake imekwisha. Mwanamke mwingine anayekumbukwa ni bibi kizee aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya jitu lilipopasuliwa, naye katika masimulizi mengine anakasirika na kumroga mkombozi wake. Katika ukanda ambao vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kosa lao macho mekundu, siwezi kuusikiliza mwisho huo kama kichekesho tu.

Swali la tatu, la msimuliaji, kibandani lina mtu wa ziada: DJ anayetafsiri. Sauti yake inafunika ya mwigizaji, na anachosema ndicho muvi inachosema. Jenerali wa kike anatoa amri, DJ anaigeuza kuwa manung'uniko ya mke aliyenyimwa hela ya matumizi. Kibanda kinacheka, na Okoye keshashushwa cheo. DJ mwingine anampa sauti ya mama wa soko la Mwaloni anayeteremsha bei ya dagaa, na hakuna anayethubutu kumcheka. Muvi ni ileile.

Mwaka 2023 ilitoka Netflix Supa Team 4, katuni iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kutengenezwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wasichana wanne wa shule wanaulinda mji wa Lusaka. Wanasafiri kama wanafunzi wengine, wana kazi za nyumbani za kumalizia, na aliyewakusanya ni Mama K, bibi aliyestaafu ujasusi. Ndiye bosi, ndiye mwenye mitambo, na wasichana wakikosea anawagombeza.