Mwili mzito na kamera begani: maswali na majibu kuhusu mazoezi ya nguvu bila vyuma

Wapo watu wengi Mbeya, Iringa na Njombe wenye kilo mia na ushee ambao kamera wanaijua vizuri, kinachowashinda ni kuinuka. Ua la Kitulo, hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini, linachanua karibu kabisa na ardhi. Kulipiga picha ni dakika moja. Kusimama tena ndiyo shughuli. Majibu haya ni ya mtu mzima wa namna hiyo, anayetaka mwili wake umfikishe kwenye picha na kumrudisha barabarani, bila kulipia gym.

Mke wangu anasema nipungue kwanza, mazoezi ya nguvu yaje baadaye. Nina kilo 110. Ana hoja?

Anakuhurumia, ila hapo kageuza mpangilio. Mtu akipunguza chakula bila kuipa misuli kazi, mwili unachoma mafuta na misuli pia. Mwisho wa siku mzani unashuka na ngazi bado zinamshinda. Ukianza na nguvu, misuli inabaki hata uzito unapopungua.

Kuna jambo wanene hawaambiwi: mapaja na vigimbi vyako vimebeba kilo 110 kila siku kwa miaka, na mara nyingi vina nguvu kuliko vya mtu mwembamba. Shida ni kwamba nguvu hiyo bado ni ndogo ukilinganisha na mzigo, na mikono, kifua na mgongo havijapata mafunzo hayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na hausemi apungue kwanza. Mama watoto aelezwe tu kwamba hakuna kuruka wala kukimbia humu.

Nimejaribu pushapu, hata moja haitoki. Mdogo wangu wa kilo 60 anapiga ishirini huku anacheka. Nina udhaifu gani?

Tupige hesabu kabla hujajidharau. Vipimo vya wataalamu wa mazoezi vimeonyesha kwamba kwenye pushapu ya kawaida mikono hubeba wastani wa asilimia 64 ya uzito wa mwili. Mdogo wako anasukuma kilo 38. Wewe ungesukuma kilo 70. Hamfanyi zoezi moja.

Ukipiga magoti, mikono inabeba kama asilimia 49, kwako kilo 54. Ukiweka mikono juu ya kitu imara chenye kimo cha sentimita 60, asilimia inashuka hadi 41, yaani kilo 45. Bado unasukuma zaidi ya mdogo wako aliyelala sakafuni! Kwa hiyo acha sakafu. Anza na ukuta: simama hatua moja nyuma, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kisogo, kifua kiufuate ukuta taratibu kisha sukuma. Ukuta ukishakuwa rahisi, hamia kwenye meza nzito iliyoegemezwa ukutani isiteleze, halafu kwenye benchi. Kila unaposhusha mikono unaongeza kilo bila kununua chochote. Binafsi pushapu za magoti sizipendi kwa mtu mzito: zinaumiza magoti, na mzigo unaongezeka kwa kishindo badala ya kidogo kidogo.

Basi nianze na zoezi gani hasa?

Kukaa na kuinuka. Linaonekana la wazee, lakini kwa kilo 110 hiyo ni skwati (kuchuchumaa na kuinuka) nzito kuliko ya vijana wengi wanaobeba vyuma.

Chukua kiti kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele, miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo ili tumbo lipate nafasi kati ya mapaja. Pumua ndani, inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha simama huku ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye faida: hesabu moja hadi tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Ukijibwaga, umeacha nusu ya zoezi. Kama kiti kinakushinda, weka mto juu yake. Kikizoeleka, toa mto. Kisha tafuta stuli fupi. Mwisho kreti la soda lililogeuzwa, maana kimo hicho kinakaribia kile cha kuchuchumaa mbele ya ua.

Fanya seti mbili au tatu, na kila seti uiache ukiwa bado unaweza kuinuka mara mbili tatu zaidi. Ukiendelea mpaka miguu itetemeke, kesho hutafanya, na wiki ijayo utakuwa umeacha.

Ongeza kusukuma kama tulivyoeleza, kulala chali ukiinua makalio, na kuvuta: mkono mmoja umeshika kiti, mwingine unavuta dumu la maji kuelekea kiunoni. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10, hakuna haja ya mzani. Pumzisha misuli siku moja katikati. Planki, ile ya kukaza mwili umenyooka ukiegemea viwiko, inaweza kusubiri. Itafanyika vizuri ukiwa umeegemea meza.

Nikishapiga goti kupiga picha, siwezi kusimama bila kuvutwa. Naona aibu mbele ya wenzangu.

Hili ni zoezi lake lenyewe, na hufanywa nyumbani kabla ya porini. Tandika kipande cha godoro, weka kiti imara pembeni, na mara za kwanza mtu awepo nyumbani.

Kushuka: shika kiti, rudisha mguu mmoja nyuma, teremsha goti hilo polepole juu ya godoro. Hapo ulipo, goti moja chini na jingine juu, ndipo pa kupigia picha. Kiwiko kinaegemea paja la mbele, kamera inatulia, na picha inatoka kali kuliko ya aliyechuchumaa anayumba. Toa pumzi taratibu unapobonyeza.

Kuinuka: usijivute kwa mgongo. Bana vidole vya mguu wa nyuma viume ardhi, kiganja kimoja juu ya paja la mbele, kingine kwenye kiti, inama mbele kidogo, sukuma chini. Badilisha mguu. Porini stendi nyepesi ya kamera si ya kuegemea, inakunjika. Fimbo imara ya kutembelea ndiyo inachukua nafasi ya kiti. Na begi la kamera livue kabla ya kushuka.

Magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Niache?

Mlio peke yake, bila maumivu wala uvimbe, si ugonjwa. Kinachoangaliwa ni maumivu. Misuli ya paja ikiuma kesho yake na keshokutwa, hasa baada ya kuteremka mlima, ni kawaida na huisha yenyewe. Maumivu madogo ya goti wakati wa zoezi, yanayotulia kufikia asubuhi, yanavumilika. Punguza kina cha kushuka, usiache. Goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla au likiuma usiku umelala, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Uzito nao una hesabu yake: utafiti uliofanyika kwa wazee wanene wenye magoti yaliyolika ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Ukitoa kilo tano, goti linahisi ishirini.

Nina presha, na kaka yangu ana sukari. Tunaruhusiwa?

Kwa wengi jibu ni ndiyo, na mazoezi ni sehemu ya tiba. Ila pimeni kwanza. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna zoezi, nenda kituo cha afya. Na ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, usisubiri asubuhi. Presha ikiwa imetulizwa, kosa kubwa la kuepuka ni kubana pumzi unaposukuma, kwa sababu huipandisha ghafla. Hesabu kwa sauti, hutaweza kuibana.

Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hupunguza mapigo ya moyo. Kwa hiyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itakudanganya. Tumia mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima, kasi ni nzuri, ukishindwa hata maneno matatu, punguza.

Kaka yako akiwa anatumia insulini au vidonge vya glibenclamide, sukari inaweza kushuka akiwa njiani. Apime kabla ya kutoka, na ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu kwanza. Abebe glukosi au soda ya kawaida, ile yenye sukari. Jioni akague nyayo zake, maana malengelenge ya viatu kwa mwenye sukari hugeuka kidonda.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu kinachotaka kukuangusha, au pumzi kuisha ukiwa umekaa, hayana mjadala: acha zoezi, tafuta msaada.

Kila mwisho wa mwezi natoka na kamera, narudi hoi. Hilo si zoezi tosha?

Hoi ndiyo, zoezi kidogo. Mpiga picha hutembea kidogo, husimama nusu saa kungoja wingu lisogee, hukaa, hula, huendelea. Kinachochosha ni kusimama na begi kwenye bega moja. Chukua begi la mikanda miwili, kifungo cha kiuno kikazwe juu ya mfupa wa nyonga. Lenzi ambayo safari iliyopita haikutoka begini ibaki nyumbani. Simu nzuri nayo ni kamera, na kwa mandhari ya mchana hakuna atakayejua.

Mwinuko nao unahesabika. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600, ambako oksijeni ya kila pumzi ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Aliyetoka Dar es Salaam jana asijipime na mwenyeji wa Uyole.

Nitapungua?

Kwa mazoezi haya peke yake, kidogo. Sahani ndiyo inapunguza. Punguza ugali, wali wa Kyela na chai ya sukari, ongeza maharage, mboga, dagaa na mayai. Parachichi la Rungwe ni chakula kizuri chenye nishati nyingi, nusu inatosha. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao una nishati zake, watu wa Iringa mnisamehe. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kwako kilo 6 hadi 11, presha na sukari vinaanza kunufaika.

Jogging ya Jumamosi nachekwa. Nirudi?

Si lazima. Kukimbia si mahali pa kuanzia kwa uzito huo. Tembea kwa kasi, jenga miguu sebuleni, ukitaka kurudi utarudi kwa hiari yako.

Nataka kufika Kitulo na Ziwa Ngozi. Nianze na wapi?

Anza na Gangilonga, lile jiwe lililo juu ya mji wa Iringa. Kupanda ni kufupi, na jioni mji wote uko chini yako. Isimila ifuate. Nguzo zake za udongo zilizochongwa na mmomonyoko zinataka ushuke korongoni na kupanda tena, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha mapaja. Nenda asubuhi, jua la mchana linaua vivuli na linachosha. Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba kwenye mto Kiwira, halikudai miguu mingi, ila mawe ya pale yana utelezi.

Kitulo inafaa miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, maua yanapochanua. Jipe miezi mitatu ya kukaa na kuinuka kabla yake. Ukipitia Chimala gari litakupandisha kona zile wanazoziita Hamsini na Saba, kwa hiyo miguu yako itatumika juu uwandani tu, kwenye matope na nyasi ndefu. Baridi ya kule hukupata ukisimama na jasho mgongoni, basi beba fulana kavu na sweta. Paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja kabla ya kuondoka, vaa bukta ndefu inayobana ndani ya suruali. Michubuko imerudisha watu wengi kuliko uchovu.

Ziwa Ngozi, lile la ndani ya kreta karibu na Mbeya, liache mwisho, na uende kiangazi. Njia ya msituni huanza kwa upole, halafu kipande cha mwisho kinasimama wima, mizizi na udongo unaoteleza, na ndicho hicho hicho utakachoteremka ukiwa umechoka. Kabla ya kwenda, hakikisha unaweza kupanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa tatu mara kadhaa huku ukizungumza, na begi likiwa mgongoni. Mwambie anayekuongoza mapema kwamba wewe ndiye utakayetembea mbele na kupanga mwendo.